Makala Mekundu Niliyoyasifu

Jumamosi, mwisho wa mwezi wa tano. Likasi.

Asubuhi baridi iliingia hadi kwenye meno. Mvua ya mwisho tumeshaisahau, nyasi za vilimani zimegeuka rangi ya mkate, na upepo wa kusini unatuletea vumbi na majivu ya mashamba yanayochomwa huko uwandani. Saa sita jua linakudanganya, unavua koti. Saa kumi linakuacha, na unalitafuta lile koti kwa hasira. Midomo yangu imepasuka. Nimeipaka mafuta, yamewasha tu.

Kama una haraka na huna hamu na huzuni za mwanamke wa miaka hamsini na mbili, soma sentensi hii kisha uende zako: usiingize mbabula, lile jiko la makaa, ndani ya nyumba, hata makala, kama tunavyoyaita makaa hapa kwetu, yakiwa mekundu, hata moshi ukiwa umekwisha kabisa.

Yaliyobaki hapa chini ni aibu yangu.

Wanaonisoma wananijua. Nimefundisha historia miaka mingi, nimesoma kila kitabu nilichoweza kuazima katika mji huu, na nikiona ujinga mkono unaniwasha. Katika ukurasa huu wangu wa mtandaoni nimegombana na wakubwa wa mji, na wenye viwanda, na walimu wenzangu, na mara moja na shemeji yangu mwenyewe, ambaye hadi leo hanisalimii. Sijawahi kufuta neno nililoliandika. Nilikuwa najivunia hilo.

Baridi ilipoanza mwaka huu sikukosa la kukasirikia. Mitambo ya umeme ya Koni haiko mbali na hapa, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu, na sisi jioni tunapepea makala. Ndivyo tunavyoishi. Kila nyumba ya avenue yetu, mtaa wetu huu, ina mbabula yake, lile jiko la bati lenye matundu ubavuni. Unaliwasha mlangoni, unasonga bukari, ugali wako, watu wanakula. Kisha, makala yakishakuwa mekundu, unalibeba ndani, unaliweka katikati ya vitanda, unafunga mlango na kusokomeza kitambaa chini yake ili upepo usipite. Mama zetu walifanya hivyo. Nimekulia hivyo.

Wiki mbili zilizopita mume na mke wa avenue ya pili waliamka wakitapika, hawawezi kusimama, mbabula ikiwa chumbani mwao. Walipona. Jumapili yake Pasta Josué, mwenye kanisa la mabati kwenye kona yetu, alihubiri kwa kipaza sauti kwamba moto una pepo lake, na kwamba mtu wa Mungu asilale na moto ndani. Nilimsikia nikiwa jikoni. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaketi nikaandika.

Niliandika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilimwita mfanyabiashara wa vitisho. Nilimwuliza pepo huyo ana kilo ngapi, na kama analipa kodi. Watu walicheka hadi mtaa wa mbali wa Kamatanda. Mwishoni, ili nisionekane mtu wa maneno matupu, nikaongeza ushauri: kinachoua ni moshi, si mashetani. Subirini makala yawe mekundu yote, moshi uishe, kisha ingizeni mbabula zenu mlale kwa amani.

Sikumwuliza mtu yeyote. Nilijua tu, kama tunavyojua sote.

Alhamisi asubuhi, nikiwa nafagia majivu mlangoni, jirani aliniambia kwamba Mama Chanda amempeleka mama yake hospitali kwa pikipiki, kizee amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa bintiye kama mtoto. Mama Chanda anauza maandazi mbele ya shule yangu. Mama yake tunamwita Nkambo, bibi, avenue nzima, hata sisi wenye mvi. Nilivaa viatu nikaenda.

Nilimkuta Nkambo amewekewa hewa puani. Mama Chanda aliponiona alisimama, na hakuniambia kwa lawama. Aliniambia kama mwanafunzi anayeonyesha daftari lake.

“Mwalimu, tulifanya kabisa vile weye uliandika. Makala yote ilikuwa nyekundu. Moshi haikubakia hata kidogo.”

Muuguzi, mtu mzima mwenye sweta juu ya koti lake jeupe, alikuwa anaandika pembeni. Aligeuka.

“Moshi iko inakusaidia, mama. Inakukohozesha, unaamka, unakimbia. Ile inaua haina harufu, haina rangi. Na makala nyekundu njo inaitoa mingi, mu chumba ya kufunga. Nani alibaambia kuingiza moto?”

Mama Chanda alinitazama. Nilifungua mdomo.

“Bantu,” akasema yeye, watu tu. “Bantu banasemaka.”

Nikaufunga mdomo wangu.

Naandika hili ili lisije likapotea: nilikuwa na nafasi ya kusema “ni mimi”, mbele ya mtu mmoja tu, tena mchovu, ambaye hata jina langu halijui. Sikusema. Mimi ambaye nimewaita wengine waoga kwa herufi kubwa.

Nkambo alifungua macho. “Nani huyu analia? Kama niko nakufwa, muniletee chai kwanza.” Tulicheka wote, muuguzi naye. Kisha akanyoosha mkono kwa bintiye. “Odette, leta chai.”

Odette ni dada mkubwa wa Mama Chanda. Alikufa zamani.

“Niko, mama,” Mama Chanda akasema. Akaenda kutafuta chai.

Daktari anasema kichwa kinaweza kurudi, kinaweza kisirudi, tungoje. Jana alikuwa bado anamwita Odette. Na Mama Chanda bado anaitika.

Nilirudi nyumbani nikayafuta maandishi yale. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilidhani nimemaliza.

Jana nilikwenda kununua makala kwa Mama Régine. Alinipokea kama bibi harusi.

“Mwalimu, Mungu akubariki! Tangu ile sauti yako ipite mu telefone, magunia inaisha mbele ya saa sita. Bamama banasema sasa banalala nayo bila woga.”

Sauti si yangu. Mtu fulani aliyasoma maandishi yangu kwa mbwembwe, akajirekodi, akaituma sauti hiyo, na sasa inatembea kutoka simu hadi simu. Siwezi kuifuta. Nilimwambia Mama Régine kwamba nilikosea, kwamba makala mekundu yanaua. Alipiga makofi kwa kicheko.

“Aa, Mwalimu, leo unanicheka! Weye, ukosee?”

Nilirudia. Akaanza kunitazama vibaya, kama mtu anayekuja kumharibia soko. Nilimwelewa. Niliondoka na kikapu kitupu.

Nikaandika masahihisho, nikayatuma kila mahali. Yamelala hapo hapo yalipo. Matusi yangu yalisafiri kwa mabawa. Masahihisho yangu hayana hata miguu. Wawili walinijibu. Mmoja aliuliza ni nani amenitisha.

Basi leo asubuhi nilikwenda kwa yule ambaye watu wa hapa wanamsikiliza wapende wasipende, kwa kuwa ana kipaza sauti. Pasta Josué alikuwa juu ya ngazi, makoti mawili mwilini, anapigilia bati ambalo upepo umelilegeza. Aliniona toka mbali.

“Mwalimu! Ulikuja na mizani? Tupime pepo kilo?”

“Nimekuja kuomba, Pasta.”

“Kuomba Mungu, ao kuomba minye?”

“Wewe.”

“Ee! Mama Pasta! Kuya usikie hii na masikio yako!”

Mke wake alitoka na unga mikononi, akanisalimu kwa adabu, akabaki pale pale mlangoni. Nikamsimulia yote Pasta, shingo yangu ikiwa juu kama kuku anayekunywa maji. Nilipofika kwa Nkambo alishuka kwenye ngazi. Alikuwa amekwishakwenda kumwombea Alhamisi jioni.

“Mama Chanda hakunitajia jina yako,” akasema polepole. “Alisema tu bantu.”

Upepo ulilipigapiga lile bati.

“Kesho nitasema,” akasema. “Njo kazi yangu. Lakini bale banakusoma weye, bakinisikia minye tu, batasema pasta analipiza. Utasimama weye mwenyewe. Mbele ya kuanza mahubiri.”

“Nitasimama. Lakini na wewe uache mambo ya pepo. Uwaambie ni hewa yenye sumu, waelewe.”

Alitoa msumari mfukoni.

“Unaleta masharti, Mwalimu? Minye nilibaambia basiingize moto. Weye ulibaambia baingize. Tuanzie pale.”

Akapanda ngazi yake. Mama Pasta alinishika mkono kwa ule mkono wenye unga, akanisindikiza hadi barabarani.

Njiani nilitafuta jibu. Bado siamini pepo la moto. Bado naona ni vibaya kuwatia watu hofu mahali pa kuwapa elimu. Yote hayo ningeweza kuyatetea hadi usiku, na ningeshinda. Nkambo hatajua kama nilishinda. Mimi niliyapima maneno ya Pasta kwa sababu zake, nikaona hazina maana, nikatupa yote. Nilikuwa na furaha ya kumpiga. Kama angesema jua linachomoza mashariki, huenda ningetafuta namna ya kubisha.

Nani mwingine nimempotosha kwa furaha hiyo? Miaka yote hii? Swali hili nimelikwepa tangu Alhamisi. Sasa nimeliandika na haliwezi kunikimbia.

Mchana nimejaribu kuandaa nitakachosema kanisani. Maandishi ya kwanza yalijaa ukurasa mzima: nilianza na umeme, nikapita kwa historia ya mji, na kosa langu likatokea karibu na mwisho, limevaa vizuri. Nimeyachana. Ya pili yalikuwa na aya moja, na ndani yake “wengi wetu tuliamini”. Wengi wetu! Nimeyachana pia. Sasa nimebakiza haya: Mimi ndiye niliyewaambia muingize mbabula. Nilikosea. Nkambo yuko hospitali kwa sababu hiyo. Jifunikeni mablanketi, pasheni maji moto mtie kwenye chupa, laleni pamoja, lakini moto ubaki nje.

Si maandishi mazuri. Hayatasafiri hadi Kamatanda.

Na hapo ndipo nilipoinua macho nikatazama dirishani. Saa kumi na nusu. Jua limegusa vilima, hewa imeanza kuuma, na mbele ya kila nyumba ya avenue yetu kuna mtu ameinama na kipande cha boksi, anapepea. Nimehangaika mchana kutwa na heshima yangu ya kesho, na baridi ni ya leo. Watakula, watasubiri makala yawe mekundu kama nilivyowafundisha, halafu watafunga milango.

Nyumba ni ishirini na kitu upande wetu, na upande wa pili vilevile. Baadhi yao hawanipendi. Wengine watacheka kama Mama Régine. Nitasimama kila mlango hadi waache kucheka.

Naanzia kwa Mama Chanda. Amerudi kubadilisha nguo kabla ya kwenda kulala hospitali, nimemwona. Yeye hahitaji tena kuambiwa habari ya moto. Anachonidai ni lile neno nililolimeza mbele ya muuguzi, na nataka alisikie yeye kwanza, kabla ya kanisa, kabla ya avenue.

Nimevaa koti. Naenda.