Kanga Mweupe Niliyeahidi Kumleta Kanisani

Jumamosi, Kibingo.

Madoa hayajatoka. Leo nimemtoa kanga juani nikamgeuza tena. Kifua cheupe kama unga wa muhogo, mgongo madoadoa matupu.

Na mimi ndiye niliyesimama kanisani nikatangaza, "Sikukuu ya mavuno naleta kanga mweupe mwili mzima, Kibingo hamjamwona!" Mavuno yenyewe kesho.

Jogoo wa kanga nilimtoa kijiji cha Kimuli, mweupe kabisa. Majike yangu ya madoadoa, lakini nilijua mtoto hufuata ukoo wa baba. Kumbe kwa kanga mama naye ana ukoo. Hilo simwambii mtu.

Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini ya migomba. "Mzee, ukimpeleka kwa mchungaji, kifua mbele, mgongo uufiche tumboni kwako. Tumbo lako linatosha."

Nimejaribu, kweli linatosha. Ila baada ya ibada ni mnada wa sadaka, na mnadi humnyanyua ndege juu, akamzungusha kila mtu aone.

Kusema nilikosea siwezi. Sijawahi, na uzee huu sianzi.

Kanga yumo kwenye tenga hapa karibu na kitanda. Amelala, amenigeuzia mgongo.