Kuhani Aliyeshindwa Kupita

Jumapili, jioni. Joto la Voi leo limepika watu mpaka ndani ya nyumba, na mimi nimejifungia chumbani kwa aibu.

Mchungaji alinipa dakika tatu kabla ya mahubiri: filamu fupi, halafu kanisa linyamaze na kutafakari. Wazee wa kanisa hawakupenda. Walisema kanisa si sinema, wakakubali jaribio moja tu. Likiharibika, kitambaa changu cheupe cha kuonyeshea kirudi kuwa shuka.

Nikachagua mfano wa Msamaria Mwema. Alhamisi tukaenda Mraru, kando ya barabara ya Taveta. Binamu yangu Mwadime, mwimba besi wa kwaya, akalala kwenye mawe akiwa amepakwa tomato sosi. Mzee Mwakio, kiongozi wa wale wapinzani, alijitolea kuwa kuhani, nadhani ili anichunge.

Katika mfano huo kazi ya kuhani ni moja tu: kumpita majeruhi bila kumsaidia. Mzee Mwakio alishindwa.

Kila akimfikia Mwadime anasimama, anamsalimu kwa Kidawida, anauliza hali ya mama yake na kama mvua imefika huko kwao mlimani. Na majeruhi naye anajibu!

"Sasa nitampitaje bila salamu, na huyu ni mtoto wa Mghoi?" Mzee akaniuliza. Nikamwambia ni kuigiza tu. Tukarudia mara sita.

Mara ya saba akapita. Mikono nyuma, macho mbele, kuhani kamili. Hapo Mwadime akaanza kulia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Nilifurahi mno! Mzee akataka kugeuka, nikapiga kelele: "Usigeuke, Mzee! Endelea! Mwadime, hapo hapo, ongeza!"

Alikuwa ameumwa na nge.

Nakiri ilinichukua muda kuelewa. Aliyeelewa mara moja ni Mama Rukia, mwenye duka la vyombo hapa mjini, aliyekuwa akitoka Taveta na gari lililojaa ndizi. Alifunga breki, akashuka na buibui lake. "We mwana, humuoni mwenzio yuafa? Hebu weka hiyo simu!" Akamkokota Mwadime hadi kiti cha nyuma, juu ya mikungu, akamkimbiza hospitali. Simu yangu ilinasa yote.

Mwadime ni mzima, mguu tu umevimba, na anadai sasa ndiye mwigizaji mkuu wa kaunti.

Ijumaa nikatazama nilichorekodi. Kilikuwa kizuri ajabu. Kasoro ilikuwa moja: sauti yangu. Nikaifuta, nikaweka kinanda.

Leo kanisa lilinyamaza kama nilivyoota. Akina mama walitoa leso wakapangusa machozi, nami nikavimba kichwa. Kisha Mzee Mwakio akasimama, kofia mkononi. Akasema alimsikia kijana akilia kilio cha kweli, na akaendelea kutembea. Akaomba kanisa limwombee.

Mzee wa watu! Mtu aliyeshindwa kumpita mgonjwa wa uongo mara sita!

Ningeweza kunyamaza. Nilijaribu, tena kwa bidii, lakini walipoanza kumwekea mikono kichwani nikashindwa. Nikaenda mbele, nikaonyesha tena filamu ile ile bila kinanda.

"Usigeuke, Mzee!" ikajaa kanisa zima. Watu walicheka mpaka Mchungaji akakosa pa kuanzia mahubiri. Mzee peke yake hakucheka. Alisogea kidogo kwenye benchi lake, akanionyesha kwa mkono nikae.

Kitambaa kimebaki. Wazee wameomba tu nisije nikafanya habari ya Danieli kwenye tundu la simba, maana sisi tunaoishi kando ya mbuga simba tunao kweli.

Lakini kicheko chao sicho kinachoniuma. Mwishoni mwa filamu niliandika majina ya waigizaji, na Mama Rukia nikamweka hapo kama Msamaria, bila hata kumwomba ruhusa. Duka lake liko njiani kwangu. Ijumaa nimepita. Jumamosi nimepita. Leo nikienda kanisani na kurudi, nimepita, wala sijaingia kusema asante.

Asubuhi naingia. Sijui nianze na shukrani au na samahani.