Kufuli la Stima ya Mji

Kyebando, Kampala

Mzee wangu,

Pokea salamu za mwanao. Goti linasemaje na baridi hii? Na Mama, bado anakuficha chumvi? Mimi mwili ni mzima, ila roho haijatulia, na leo sitakuficha kitu.

Unajua tangu nije huku kazi yangu ni kupanda nguzo za stima. Basi kampuni yetu imeuzwa, na wenyewe wapya wameingia na kofia mpya na sheria zao. Zamani kila fundi alikuwa na kufuli lake. Unazima laini, unafunga swichi, ufunguo unautia mfukoni, ndipo unapanda. Hakuna wa kuwasha mpaka ushuke ufungue mwenyewe. Hawa wapya wakasema huko ni kupoteza muda. Wakachukua makufuli yetu, wakaleta yao, yote yanafunguka kwa ufunguo mmoja anaokaa nao msimamizi.

Juzi Kato, Mganda ninayefanya naye kazi, alikuwa juu ya nguzo pale Nakivubo. Wenye maduka walikuwa wanamfokea msimamizi, giza linawaharibia biashara. Mtu akamwambia mafundi wamemaliza. Msimamizi akafungua, akawasha. Baba, mimi nilikuwa chini nimeshika kamba! Nilisikia mlio, nikamwona Kato ananing'inia kwenye mkanda wake. Wanawake wa sokoni wakapiga mayowe, "Banange! Banange!" yaani jamani, jamani.

Mungu ni mkubwa, Kato yu hai. "Mimi iko mzima," aliniambia hospitalini, "lakini hii mkono hapana sikia kitu." Nikatoka nje nikalia.

Sasa nimeambiwa Jumatatu nikamalizie nguzo ileile. Nilipomwomba msimamizi ufunguo ukae kwangu, alinijibu, "Kama unaogopa, rudi kwenu Kenya." Ndiyo, naogopa! Na kazi bado naitaka.

Nimekumbuka ulivyotusimulia habari za wakati stima ilikuwa mali ya mji wetu wenyewe na wewe ndiye fundi wake, mtambo unanguruma nyuma ya ofisi za manispaa, na taa zikizimika akina mama wanakufokea wewe barabarani. Kampuni kubwa ilipoichukua, ulirudisha kila kitu, ngazi, glavu, hata viatu. Kufuli ukakataa. Ulisema si la manispaa wala si la hao wapya, ni la roho yako. Sisi watoto tulicheka sana.

Msalimie Mama, lakini habari ya Kato usimwambie, tafadhali. Msalimie shangazi anayeniombea kila Jumapili, na mdogo wangu mwambie aache kuchezea nyaya za redio yako.

Dada Nekesa anakuja huku soko la Owino kuchukua mitumba kabla ya Jumatatu. Mpe lile kufuli, na ufunguo wake. Nitalifunga pale pale kwenye swichi, kando ya lao, msimamizi apende asipende. Wakinifukuza, wanifukuze niko chini, nimesimama kwa miguu yangu.

Mwanao,
Wafula