Namba ya Punguzo ya Baba

Flint, Michigan
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa kwenye kibaraza chako huko Alabama, goti limetulia, na dawa za presha unazinywa kwa wakati wake, si pale unapokumbuka. Sisi hapa hatujambo. Mkweo Lamar anakusalimu sana. Mgongo unamsumbua kwa kusimama kutwa nzima nyuma ya kiti cha kunyolea, lakini hajaacha kucheka. Mimi mwili mzima. Ninachougua ni hasira, na ndiyo maana nimeacha simu nikachukua kalamu. Kwenye simu wewe hunikatiza, nami hukuachia unikatize, na safari hii nataka nifike mwisho.

Maandalizi ya Jumamosi ya tarehe 25 yamekamilika. Watakuvisha nishani ya miaka hamsini ya chama cha wafanyakazi mbele ya ukumbi mzima, na jina lako wameliandika sawasawa, nimelikagua mwenyewe. Ijumaa ya tarehe 24 ni mimi nitakayekupokea uwanja wa ndege. Utatoka mlangoni utaliona gari langu jipya, na kuhusu gari hilo kuna jambo lazima ulijue kabla hujaondoka nyumbani. Usipolijua mapema utalikuta pale barabarani mbele za watu, na hapo nitakuwa nimekukosea mara ya pili.

Ngoja nianzie kwenye gari la zamani. Unalikumbuka, lile la kuchomeka umeme lenye injini ndogo ya petroli, tulilolinunua mwaka 2013 kwa namba yako ya punguzo, zile namba kampuni inazowapa watu wake wagawie jamaa zao. Wewe ulilizunguka mara tatu ukaniambia ile injini imepita mikononi mwa watu unaowafahamu. Miaka kumi na miwili nimekwenda nalo chuoni kufundisha, maili thelathini na moja kwenda na kurudi, kwa umeme mtupu wa nyumbani, na kila Krismasi limetufikisha kwako Alabama kwa petroli bila kutuomba ruhusa. Sasa betri imechoka. Fundi aliniambia betri mpya inazidi bei ya gari lenyewe. Nilipouliza gari lina thamani gani nikitaka kulitoa kama sehemu ya malipo ya jipya, yule kijana wa tathmini aliandika dola elfu moja na mia tatu, akanisogezea karatasi kama mtu anayetoa rambirambi.

Nikataka lingine la aina ileile. Nililohitaji ni hilo tu: umeme wa kwenda kazini, petroli ya kuja kwako, maana njia ile ya kwenu baada ya kuacha barabara kuu haina pa kuchaji hata tochi. Nikaenda kwenye duka la magari ya kampuni yetu, nikiwa na namba yako kwenye mkoba, ile ya mwisho katika namba ulizopewa mwaka huu kama mstaafu, ambayo muda wake ungekwisha tarehe 30 Septemba. Ulinipa mimi ukamnyima Rudell, ukamwambia mtoto wa kaka yako asubiri Januari.

Muuzaji pale ni Bwana Pettway, yule mnene wa kanisa la Mtaa wa Saginaw. Nilipomwambia ninachotaka alinitazama kwa huruma. Aliniambia, mama, ya kuchomeka yenye petroli kampuni yetu imeacha kutengeneza tangu siku zile uliponyoa nywele, miaka imepita. Nina ya umeme mtupu na nina malori, chagua. Nikamuuliza ya umeme mtupu itanifikishaje kwa baba yangu. Akasema kwa upole kwamba ingefika, ila baba atakuwa ameshakula chakula cha jioni cha siku ya pili. Watu waliokuwa wakisubiri nyuma yangu walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikatoka. Miaka thelathini na miwili umewatengenezea injini, Baba. Kitu kilekile walichojua kukitengeneza kabla ya wengine wote, wamekiacha, na mimi nimebaki na namba ya punguzo ya bidhaa isiyokuwepo.

Ndipo nikaanza kutazama maduka mengine. Hapo ndipo serikali iliponichefua, na naomba univumilie nieleze, kwa sababu nimekaa wiki tatu na karatasi hizi na sina mwingine wa kumpigia kelele. Kulikuwa na ruzuku ya dola elfu saba na mia tano kwa magari ya namna hii, iliyokuwa inakwisha tarehe 30 Septemba. Gari lililonifaa kwa kila kitu linaunganishwa ng'ambo. Kwa hiyo ukilinunua, ukalipa, likawa lako, ruzuku hupati hata senti. Ukilikodi miaka mitatu, mwenye gari ni kampuni ya fedha, na hiyo kampuni ndiyo inayopewa elfu saba na mia tano, kisha ikiwa na moyo mwema inakupunguzia kwenye malipo ya kila mwezi. Nilimuuliza mwanamke anayeliuza gari hilo kama nimemwelewa vizuri: anayetaka kumiliki ananyimwa, anayetaka kupanga anasaidiwa, na msaada unapitia kwa mwenye nyumba? Alijibu kwamba nimeelewa kuliko wateja wake wote wa mwezi huo, na akaniuliza kama ninataka kahawa.

Unajua nilichoandika kuhusu kukodi magari. Ulikata safu yangu ya Machi kwenye jarida la chama ukaibandika kwenye friji. Niliandika kwamba mtu anayekodi gari ni mpangaji kwenye kiti chake mwenyewe, na kwamba mfanyakazi asiyemiliki kitu hata cha kukalia atafundishwa kuinama. Bado naamini. Lakini nilipiga hesabu, nikairudia, na kila mara ilinitukana. Bei dola elfu arobaini na nne. Kununua kwa mkopo, zaidi ya dola mia saba kwa mwezi kwa miaka sita. Kukodi, dola mia tatu tisini na moja kwa miezi thelathini na sita. Na mkataba unadai kwamba gari likifika miaka mitatu litakuwa bado na thamani ya elfu ishirini na saba. Mimi niliyetoka kupewa elfu moja na mia tatu nilisoma namba hiyo mara mbili. Hakuna anayejua betri hizi zitauzwa kiasi gani miaka mitatu ijayo. Nikinunua, thamani ikianguka, inaniangukia mimi. Nikikodi, inawaangukia wao, nami nawarudishia funguo.

Nilijaribu kupata ushauri bila kujivua nguo. Jumamosi moja nilikaa kwenye duka la Lamar nikawauliza wazee, kwa ajili ya rafiki yangu mmoja, kama kukodi kunaweza kuwa na akili. Mzee Hosea, wa kiwanda cha kuyeyushia chuma, alikuwa na povu nusu ya uso. Aliuliza kama huyo rafiki analipa miaka mitatu halafu anarudi nyumbani kwa miguu. Nikamwambia ndiyo, lakini kwa miguu bila hasara. Akasema basi akodi na bwana harusi kabisa, maana bwana harusi wa kukodi pia hana hasara. Mwingine akataka kujua rafiki huyo ni wa chama au ni wa benki. Nikaanza kuwaeleza habari ya thamani ya kuuzia tena, nikapandisha sauti kama niko darasani, mpaka Lamar akaizima mashine yake akasema wazee, msimchokoze mwalimu, huyo rafiki anaishi nyumbani kwangu na anakoroma. Walicheka mpaka nikaondoka.

Jumamosi ya tarehe 27 Septemba nilikwenda nikatia sahihi. Foleni ilikuwa ndefu kama ya siku ya kura, kila mtu anawahi kabla ruzuku haijafa. Nikarudi nyumbani nikiendesha gari la ng'ambo, la kukodi. Mimi, niliyesimama kwenye mkutano wa chama miaka tisa iliyopita nikapendekeza magari ya ng'ambo yasiegeshwe ndani ya uzio wa ukumbi. Ile ibara iliyochapwa pale getini niliitunga mimi. Tarehe 25 nitaegesha ng'ambo ya barabara kama inavyosema, na wakinicheka wana haki.

Hayo ningeweza kukueleza kwa simu, na ungenifokea, na yangekwisha. Lakini kuna jingine.

Jumapili ya tarehe 28 ulinipigia baada ya ibada. Nilisikia sahani nyuma yako na watu wanazungumza. Uliniuliza kama namba yako imefanya kazi. Kisha ukauliza kama gari ni letu, yaani la kampuni yetu. Nikakujibu, ni letu, Baba. Ukawageukia waliokuwa mezani ukawaambia mwanangu amechukua letu, nikasikia wakishangilia. Ukaniambia Rudell yupo hapo anakula, kesho anakwenda kuchukua lori lake la kazi kwa bei kamili, lakini hana kinyongo, ameelewa kwamba binti wa mtu ni binti wa mtu.

Namba ile, Baba, sikuitumia. Ilikuwa kwenye mkoba wangu, hai, mpaka Jumanne saa sita ya usiku. Nilichotakiwa kusema ni kwamba sijaitumia, mpe Rudell. Maneno machache. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini kuyasema ilikuwa lazima yafuatwe na mengine, kwamba nimechukua la ng'ambo, kwamba nimekodi, kwamba safu iliyo kwenye friji yako imeandikwa na mtu ambaye hesabu imemshinda. Nikakuuliza habari za goti. Jumatatu Rudell alilipa dola elfu tatu na mia moja ambazo hakupaswa kuzilipa, kwa lori la kubebea mabomba yake, na Jumanne namba yako ikafia kwenye mkoba wangu.

Nimewalaumu wengi kwenye barua hii, na sifuti hata mmoja. Kampuni ilituacha, na sheria ile imeandikwa na mtu asiyewahi kununua gari kwa pesa ya mshahara. Lakini Jumapili ile hawakuwepo kwenye simu. Aliyemwibia Rudell ni mimi, na nilifanya hivyo ili wewe uendelee kunisifu mbele ya watu. Barua yake naituma leo pamoja na hii, na ndani yake kuna hundi ya elfu tatu na mia moja. Hundi hiyo haifuti alichofikiria juu yako pale mezani alipomwona baba yake mdogo anamtanguliza binti yake. Hilo siwezi kulilipa kwa hundi, na nimemwandikia hivyo.

Ijumaa tarehe 24 tutakuja wawili uwanja wa ndege. Mimi nitakuja na lile la kukodi. Lamar atakuja nyuma yangu na lori lake, lililounganishwa hapa hapa Flint, na kiti cha mbele ameshakisafisha. Yote mawili yatasimama mbele ya mlango utakaotokea. Fungua mlango wa gari utakalolitaka. Ukienda na Lamar, sitakuuliza kitu; nitawafuata nyuma mpaka nyumbani, na kitanda chako kimetandikwa.

Nisalimie shangazi Odessa na wote wa kanisani, na usipande ngazi za ndege bila fimbo kwa kuona aibu.

Ni mimi binti yako,
Verlene