Hilda Hakupewa Kikaratasi

Dodoma,
Ijumaa, baada ya Alasiri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kuulizia miguu yako, maana mdogo wangu Rahimu aliniambia imevimba tena. Sijui kama imepungua, na kama umekubali kuswalia nyumbani au bado unakaidi unakwenda msikitini. Mama Stara naye hajambo? Mvua imewafikia huko Mpwapwa? Huku imenyesha mara mbili tu ikaenda zake, vumbi limerudi kama kawaida. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo haijatulia.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu hunisikii vizuri, na Rahimu hukurudia maneno yangu kwa sauti ya juu mpaka majirani wanapata habari kabla yako. Hili la leo halifai kupigiwa kelele uani.

Unakumbuka nilipoanza kazi hii ya ukufunzi msaidizi, Dokta Ludovick, mkuu wetu wa idara, aliniambia mihadhara ni yake na semina ni zangu. Wanafunzi thelathini, kwa muda wa saa moja na nusu, wamekwishasoma kurasa walizopewa, na kazi yangu ni kuwafanya wao waongee, si mimi. Akasema atakuja kunitazama mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo itakayoamua kama mkataba wangu wa mwaka utaongezwa. Nilicheka moyoni. Kazi gani hiyo ya kuwafanya watu waongee, sisi ambao nyumbani kwetu hakuna anayemaliza sentensi bila kukatizwa?

Baba, walininyamazia. Niliuliza swali la kwanza, nikatazamwa na vipaji vya nyuso thelathini vimeinamia madaftari. Nikajijibu. Nikauliza la pili, nikajijibu tena. Wewe uliponishauri nikishauliza nihesabu kimya kimya mpaka kumi, nilijaribu, lakini nikifika sita tu jasho linanitoka chini ya mtandio na mdomo unafunguka wenyewe. Tukageuza viti tukakaa duara ili watazamane. Kisha nikawa nawapa dakika mbili waandike kwanza, halafu kila mmoja amweleze jirani yake, hata kwa Kiswahili, ndipo waseme mbele ya wote kwa Kiingereza. Hapo chumba kilichangamka kweli, wawili wawili. Nikisema haya sasa tusikie, kimya. Mkono unaoinuka ni wa Marko tu, kijana anayeweza kuchangia hata kurasa asizozisoma. Nikamwekea sharti kwamba akishasema angoje wengine watatu waseme kwanza. Akanuna, na sisi tukakosa hata huyo Marko.

Na yupo Hilda, yule uliyekuwa ukimuulizia kwa jina. Anatoka Makutupora, mama yake hufanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu. Katika zile dakika mbili yeye hujaza ukurasa mzima. Nilikuwa nikipita nyuma yake nasoma begani kwake, na aliyoandika yalikuwa na akili kuliko maswali yangu. Lakini hainui macho. Nilijiambia kwamba siku msichana huyu akifungua mdomo, basi mimi nitakuwa mwalimu.

Dokta alitangaza kwamba atakuja Jumatano ya juma la saba. Nililala nikiwaza kimya kile, na yeye amekaa pembeni na kalamu yake.

Habari ulizozipata baada ya hapo ni za kweli. Semina iliwaka moto. Dokta alinipa mkono mbele ya wanafunzi, akasema hajapata kuona mwaka wa kwanza wakijadiliana hivyo, na kwamba Jumatatu hii niwaonyeshe wakufunzi wenzangu ninavyofanya. Rahimu anasema umewasimulia wazee wote wa barazani, na wanafunzi wako wa zamani wamekuja kukupongeza. Nilipoambiwa hayo nililia, naye akadhani ni furaha.

Baba, ile semina niliitengeneza. Jumanne, siku moja kabla, niliwaita wanafunzi sita kantini, nikawagawia vikaratasi. Kila kikaratasi kilikuwa na namba na hoja ya kusema. Marko nilimpa namba nne, nikamwelekeza ampinge wa tatu, lakini kwa heshima. Nikawaambia haya ni maandalizi, na mimi mwenyewe nikajilazimisha kuamini kwamba ni maandalizi.

Siku hiyo tulisoma makala kuhusu zabibu, iliyosema vibarua huacha kazi katikati ya mavuno kwa sababu hawana moyo wa kazi. Namba moja akasema yake, namba mbili, namba tatu. Kabla Marko hajaanza, Hilda akainua macho. Akasema, kwa Kiswahili, kwamba mama yake ni mmoja wa hao walioacha. Aliacha kwa sababu uwele wao ulikuwa umezidiwa na magugu, na zabibu ni za mwenye shamba lakini uwele ndio chakula chao cha mwaka. Akauliza aliyeandika makala alimhoji kibarua gani.

Nilikuwa nimesubiri majuma saba nisikie sauti ile. Nikamtazama Dokta, nikaona kalamu imesimama. Nikamwambia Hilda asante, tutalirudia, nikampa Marko ishara aendelee. Hatukulirudia.

Jumatano hii Hilda hakuja semina. Jana nikamfuata bwenini, nikamkuta bombani anafua, nikamwomba msamaha. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, na ndicho kilichonimaliza. Alisema anayelala naye chumba kimoja ni mmoja wa wale sita, kwa hiyo kikaratasi alikiona. Alidhani kila mtu atapewa chake, akangoja Jumanne yote. Alipoona hakipo, akajaribu kusema hivyo hivyo. Nilipomkatiza akaelewa kwamba chuoni mtu hasemi asichopewa. Kisha akafuta mikono yake kwenye kanga, akaniomba radhi mimi, kwa kuniharibia mbele ya Dokta.

Jumatatu saa mbili nitakwenda kwa Dokta Ludovick kabla wenzangu hawajaingia, nimweleze yote. Huenda akaniambia nikusanye vitabu vyangu. Naogopa, sikufichi. Tangu asubuhi nimepanga maneno ya kumwambia mara nne, na kila mara najikuta nimepunguza vikaratasi, mara vitatu, mara viwili. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza, na nimeandika sita. Kesho alfajiri barua hii nampa dereva wa basi la huko. Ikishaondoka, wewe utajua, na mimi sitakuwa tena na pa kurudi nyuma.

Wazee wa barazani uwaambie au usiwaambie, hilo nakuachia. Nisalimie Mama Stara, na Rahimu mwambie asikusomee, usome mwenyewe. Miguu uiinue ukikaa. Na ukikasirika, baba, nipigie hivyo hivyo ukiwa umekasirika.

Ni mimi mwanao,
Khairat Mrisho