Dhahabu Nyekundu ya Mtaa wa Livingstone

Mtaa wa Livingstone, Kariakoo, Dar es Salaam
3 Februari 1997

Mwanangu Sitara,

Marahaba. Shikamoo yako imefika salama pamoja na barua. Sisi tunaendelea na mfungo vizuri. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama huko Uholanzi tende zinapatikana. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo lina tabia zake.

Umeandika "tunaenda maabara". Tunakwenda, Sitara. Ulaya isikusahaulishe.

Sasa nieleze jambo la dhahabu. Umesema mnaisaga mpaka inakuwa nyekundu ndani ya maji. Jana baada ya futari nilimsomea Jayant maneno hayo hapa barazani. Unamjua Jayant, usonara ameurithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. "Mwalimu, mwanao ameuziwa shaba! Dhahabu ikiwa nyekundu, ita polisi." Nikamwambia binti yangu hakulelewa kusema uongo. Akasema ataamini siku atakapoiona kwa macho yake. Heshima yangu sasa iko mikononi mwako.

Habari isiyofurahisha ni ya dada yako Husna. Anatapika, kichwa kinamzunguka, hata kufunga hakuweza. Kwa kuwa yeye na Abbasi hawana mtoto, na mumewe anashinda dukani, nyumbani kwao hakuna hata wa kumpa maji. Abbasi amemleta kwetu. Siku hizi kila pembe ya mtaa ina zahanati na duka la dawa, si kama miaka ile ya kupanga foleni. Zahanati ya jirani wakasema ni malaria. Alimaliza vidonge, hakupona. Wakasema ni malaria sugu, wakampa vingine. Sasa wanataka kumtundikia dripu ya kwinini, na hakuna aliyechukua hata tone la damu kupima. Daktari alimfunua jicho tu, akaandika.

Marehemu kaka yangu aliondoka kwa malaria iliyocheleweshwa. Kwa hiyo naogopa kukataa dripu, na naogopa kuikubali. Wewe unasomea mambo hayo. Nifanye nini?

Ni mimi baba yako,
Abdulswamad


Utrecht
14 Februari 1997

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Idi njema kwenu nyote. Mwambie Mama tende zipo tele. Wamoroko wanaziuza sokoni, na wananipunguzia bei nikiwaamkia kwa salamu. Goti lipakwe mafuta ya nazi ya moto.

Mwambie Mzee Jayant kwamba dhahabu ni ileile yake. Hatuisagi, tunaiyeyusha kwa dawa, kisha tunaikusanya upya ikiwa punje ndogo mno. Ili kuvuka unene wa unywele mmoja, punje kama elfu mbili zingesimama bega kwa bega. Ikifikia udogo huo, mwanga hauigongi tena kama unavyogonga bangili. Inaonekana nyekundu kama sharubati ya ubuyu.

Kila punje tunaibebesha kingamwili, yaani askari wa damu anayemjua adui mmoja tu. Mfikirie hamali wa Kariakoo mwenye mkokoteni, anayejua duka moja na hasimami penginepo. Ukidondosha damu kwenye ukanda wetu, mahamali hao huanza safari. Wakikuta alama ya malaria hukwama nayo mahali pamoja, unaona mstari mwekundu. Mstari wa pili hutokea kila mara, kuonyesha kwamba ukanda ni mzima. Basi: mstari mmoja, hakuna, mistari miwili, ipo. Chumba cha jirani wenzangu wanafunga dawa za saratani ndani ya viputo vidogo vya mafuta, ili ziende zaidi kwenye uvimbe na kuuacha mwili mwingine upumue. Baadhi zimekwisha kuanza kutumika hospitalini. Elimu hii yote sasa wanaiita nanoteknolojia.

Falguni, mkwe wa Mzee Jayant, alikuwa London kwa ndugu zake na amepitia hapa kabla ya kurudi. Nimempa pakiti mbili, kwa ruhusa ya mkuu wangu. Ya kijani ni ya malaria, mpime Husna. Lakini ukanda huo bado uko kwenye majaribio, kwa hiyo mpeleke pia hospitali kubwa wakatazame damu kwa hadubini. Wasimtundikie chochote kabla ya hapo.

Pakiti ya rangi ya waridi ni ya Husna mwenyewe. Falguni atamweleza. Baba, hiyo usiishughulikie.

Binti yako,
Sitara


Kariakoo
27 Februari 1997

Mwanangu Sitara,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu, wote tunapumua. Mafuta ya nazi yamelisaidia goti, ingawa sasa paka ananifuata.

Ulivyotueleza uhamali wa dhahabu tumekuelewa. Kariakoo yetu ilipata jina kwa wabeba mizigo wa vita vya Wajerumani, na mimi nimemsomesha binti mpaka Ulaya ili akasomee kubeba mizigo. Jayant amelirudia neno hilo kila baraza.

Lakini Jayant huyohuyo ametutia hasara. Falguni alipofungua mzigo, mzee akaudaka ukanda mmoja wa pakiti ya waridi. "Dhahabu ya kweli haiogopi moto," akasema, na kabla sijainuka alikwisha kuvuka barabara nao hadi kwa fundi wa kulehemu. Akautia kwenye kibakuli chake cha kuyeyushia dhahabu, akaupuliza moto. Kilichobaki ni jivu na harufu ya plastiki.

"Iko wapi dhahabu, Mwalimu?"

"Baba!" Falguni alipiga kelele mtaa mzima ukageuka. "Duka lako lote halina kitu kama hicho ulichochoma!"

Pakiti ilikuwa na kanda mbili tu, imebaki moja.

Ya kijani tuliitumia mimi na Husna. Mstari mmoja, mwekundu kama ulivyosema. Nikaupeleka zahanati. Daktari akasema, "Mzee, hiyo ni karatasi." Nikamjibu kwamba hata cheti chake ukutani ni karatasi. Tulikwenda hospitali kubwa, wakatazama kwa hadubini: hana malaria. Dripu nimeikataa, na kwa mara ya kwanza tangu afe kaka yangu nimekataa bila kuogopa.

Ila sasa sijui anaumwa nini, na zahanati wanasema basi ni taifodi, waanze sindano. Samaki niliowaleta kutoka Feri, wabichi kabisa, aliwakimbia na pua ameiziba. Chai hataki. Anachotaka ni udongo! Ule unaouzwa sokoni, vipande kama chaki. Nimemgombeza: mtoto wa mwalimu anakula chaki? Mama yako akaenda jikoni kucheka.

Ukanda uliobaki Husna ameufungia kabatini, hataki kuugusa. Nilimsikia akimwambia mama yake, "Mara ngapi nimeambiwa hapana, Mama? Safari hii sitaki kuuliza." Nilipoingia wakageuza mazungumzo. Ni ugonjwa gani huu ambao mgonjwa hataki kuujua?

Baba yako mwenye wasiwasi,
Abdulswamad


Utrecht
9 Machi 1997

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo. Theluji imeyeyuka.

Ziko habari ambazo binti hamwandikii baba yake. Umenilea hivyo mwenyewe. Kwa hiyo nitauliza tu. Pale sokoni, wanaonunua ule udongo ni akina nani? Na Husna ameolewa miaka mingapi sasa?

Sindano zisianze. Kisha umpe Mama barua hii, amsomee Husna mistari inayofuata.

Dada yangu, najua ukanda unakutisha. Lakini ukanda hautoi hukumu. Jibu liko mwilini mwako tayari, iwe umeuliza au hukuuliza. Usipolijua, kila mwenye koti jeupe atakutilia dawa ya ugonjwa usio wako, na ikiwa hauko peke yako, dawa hiyo mtaigawana. Ogopa hiyo. Ukiambiwa hapana, nipigie simu ya kulipia huku, tulie wote. Uliza, Husna.

Wenu,
Sitara


Kariakoo
20 Machi 1997

Mwanangu,

Marahaba, marahaba! Tu wazima kupita kiasi.

Maswali yako niliyasoma barazani. Nikavua miwani, nikaifuta, nikayasoma tena. Nikaenda kwa mama yako na barua mkononi. Akanitazama. "Mwalimu, umehitimu? Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Husna alisomewa barua yako akalia, kisha akafungua kabati. Aliingia bafuni na Falguni. Abbasi alisimama mlangoni akisoma kila dua anayoijua. Jayant, ambaye hakuitwa, aliketi kwenye ngazi na kuapa hatagusa kiberiti tena. Mlango ukafunguliwa. Husna alitoka. Alinyoosha mkono tu.

Mistari miwili, Sitara. Myekundu.

Unajua kwetu mimba changa haitangazwi. Lakini mama yako alipiga vigelegele vilivyofika sokoni. Wanawake wakajaa uani: "Harusi ya nani?" Alipotambua kosa lake akasema, "Mzee amepona goti!" Basi tangu juzi mtaa mzima unanipa pongezi za goti. Nalazimika kutembea bila mkongojo, na linaniuma sana.

Hospitali kubwa wamethibitisha. Sindano hazikuanza.

Baba yako,
Abdulswamad


Kariakoo
28 Septemba 1997

Mwanangu Sitara,

Salamu zetu ni nyingi, na safari hii kuna sauti moja zaidi inayokusalimu, kali kuliko zote. Ulipopiga simu uliisikia. Anaitwa Nasra, ana nywele nyingi, na mama yake ni mzima na anakula samaki wa Feri kwa mikono miwili. Majirani walipokuja kumwona walisema, "Kumbe goti ndilo hili!" Sasa jina la Goti limeshika, nami nalipiga vita bila mafanikio. Jayant anamwita Sona, ambalo kwao ni dhahabu.

Husna aliuhifadhi ukanda ule. Jana Jayant ameleta kikasha kidogo cha dhahabu cha kuvaa shingoni, amekitengeneza mwenyewe ili ukanda ukae ndani. Kabla ya kuuweka, aliitoa mizani yake mfukoni, ile ya kupimia pete. Akaweka kipande cha mistari miwili upande mmoja, na upande wa pili uzito wake mdogo kabisa. Upande wa ukanda ukapaa juu.

"Mwalimu," akasema, "rangi si yake, moto umeila, mizani haiijui. Lakini ni dhahabu."

"Umekubali?"

"Nimekubali. Mwandikie."

Husna akamwekea mtoto mapajani. "Haya, mjomba, pima na hii." Jayant alimshika kwa mikono yote miwili, na mizani ikaanguka chini asiiokote.

Umesema utakuja Desemba. Njoo. Tende usilete, lete mikono. Na katika barua yako ya mwisho umeandika tena "tunaenda". Niliiona. Safari hii nimeiacha.

Baba yako, na babu wa Nasra,
Abdulswamad