Maneno ya Paskazia kwenye Kibao cha Shaba

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Bi Gudrun anakuja! Barua pepe ya Kijerumani, kurasa tatu. Mwanamke huyu hajawahi kusema jambo kwa kifupi, ndiyo maana alifaa bungeni. Sasa amestaafu siasa. Anataka kuiona Sikonge tena kabla magoti hayajamgomea. Nimtafsirie kama zamani.

Advera, mke wangu, ameshatoa vikombe vya wageni kabatini. 

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimefungua sanduku la magazeti aliyokuwa akinitumia. Gudrun kajifunga mnyororo kwenye reli kuzuia treni ya taka za nyuklia. Gudrun anaapishwa ubunge, kavaa sweta la kufuma, wenzake suti. Gudrun naibu waziri wa mazingira wa jimbo lake. Wachimba makaa ya mawe walimpiga mayai. Akajifuta, akaendelea kuhutubia. Mbishi! Na nilimpenda kwa ubishi huo.

Mabango ya uchaguzi, mihula minne, chini ya picha yake maneno yaleyale: "Msitu huu ni mama yangu, utunzeni." Eti yamesemwa na mama mkulima wa Sikonge.

Hakuna mama mkulima aliyesema hivyo. Nilisema mimi.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri. Niandike basi, humu hasomi mtu.

1987. Gudrun ana miaka ishirini na minne, kaja kuanzisha mradi wa misitu. Baraza la mwisho kijijini Isenga, siku ya kumuaga. Kuku wamechinjwa, asali mpya iko kwenye bakuli. Msitu unafungwa — hakuna kukata, kulima, wala kuingia. Mama Paskazia akasimama, akasema kwa Kinyamwezi, taratibu: mama yake na watoto wake wawili wamezikwa humo, kwenye mahame ya kijiji cha zamani, kando ya njia ya misafara. Mkiufunga, nitawasalimia wapi?

Gudrun akanigeukia. Anasema nini?

Kwetu mgeni anayeaga haondoki na neno chungu. Ndivyo nilivyojidanganya. Kweli nyingine ni kwamba alikuwa ameniahidi kozi ya miezi sita Ujerumani, na barua ilikuwa bado haijasainiwa. Nikasema kwa Kijerumani: anasema msitu huu ni mama yake, utunzeni, na anashukuru sana. Gudrun akalia, akamkumbatia. Paskazia naye akalia. Alidhani ameeleweka.

Kozi nilikwenda. Mkate mweusi nilikula. Naona aibu mpaka leo.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekwenda Isenga kumpa Paskazia taarifa. Pikipiki, vumbi mpaka kooni. Kwenye bikoni, ile nguzo ya saruji ya mpaka wa msitu — unga wa mtama, mweupe, umemiminwa na maji. Wa leo leo. Kila mwaka kabla ya mvua anatambikia pale, nje, kwa kuwa askari wa misitu hawamruhusu kupita. Miaka thelathini na saba nauona unga ule. Bikoni ile nimeiota mara nyingi kuliko nilivyomwota marehemu baba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Yule binti wa Kizungu anakuja kweli?"

Binti! Gudrun ana miaka sitini na mmoja.

Kibali cha kuingia msituni amenyimwa mara tatu. Lakini mkuu wa hifadhi kamwambia, yule mwanzilishi wa mradi mwenyewe akimwombea, hatakataa. "Safari hii nitamkumbusha," anasema. "Alilia nami yule. Labda huko kwao kazi zilimzidi."

Hata kinyongo hana. Miguu imemvimba, mwakani, anasema, hata bikoni hataifikia. Nikapanda pikipiki, nikarudi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Gudrun kafika. Kaja kwa treni makusudi, aione njia ya misafara. Pale stesheni ya Tura ilisimama, akashuka kupiga picha, nusura imwache. Nywele nyeupe, fimbo, kicheko kilekile.

Mezani akafungua sweta alilokuwa amekunja. Ndani kibao cha shaba. Maneno yangu, kwa Kijerumani na Kiswahili, chini yake: Paskazia wa Isenga. Kitafungwa kwenye bikoni.

Nikaanza. "Gudrun, kuhusu yale maneno..."

Hakuniacha nimalize. Yale maneno, anasema, ndiyo yaliyomweka mjini. Kila alipotaka kuacha siasa, aliyasikia.

Na mimi nayasikia. Yale mengine. Nikinyoa ndevu, nikifunga vishikizo: nitawasalimia wapi?

Advera akamwongezea sukari. Nami nikamsogezea kikombe. Mwoga ni mwoga tu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Isenga, saa tano asubuhi. Naandikia garini.

Kijiji kizima kipo kwenye bikoni, na mkuu wa hifadhi kavaa sare mpya. Kabla ya kukifunga kibao Gudrun aliona unga umekauka kwenye saruji. Akatoa leso, akaufuta. Taratibu, kwa heshima — kadhani kinyesi cha ndege! Paskazia alimtazama mpaka akamaliza.

Kisha akasimama, akasema. Kinyamwezi kilekile cha 1987, neno kwa neno, mama yake kwanza, halafu watoto. Mkuu wa hifadhi si wa huku, hakuelewa. Wazee wameinamisha vichwa. Wao walielewa tangu wakati ule. Wanadhani na Gudrun alielewa.

Gudrun akanigeukia. Anasema nini?

Na Paskazia, asiyejua kusoma, kaweka kidole kwenye herufi za shaba. Mwalimu, hapa wameandika nini?

Nikawaambia wote wawili wanisubiri, nimesahau miwani garini.

Nawaona kwenye kioo. Wameshikana mikono, wanaangalia huku. Miwani ninayo puani.